Krayo za kuchora zinapima kweli ugumu wa plombo? Ingoti yangu ilikuwa 3B, sasa ni HB

#1 FundiKadutu (Bukavu)
Bandugu habari. Nauliza kuhusu risasi ya madini, plombo, ile nzito ya kijivu, si ya bunduki, nasema mapema juu najua kuna mtu atarukia hapo.

Niko nayeyusha plombo hapa Kadutu nafanya vizito vya nyavu, vile vidogo vyenye mkato katikati, mvuvi anapitisha kamba ya chini ya wavu halafu anabana na koleo. Kazi yote iko pale kwenye kubana. Plombo ikiwa laini inajikunja na inashika kamba, ikiwa ngumu inapasuka kama biskuti na mutu anakurudishia mfuko mzima mbele ya wateja wengine. Na mimi nanunua skrapu: bomba za maji za zamani, vizito vya magurudumu kutoka kwa bakwado (wale wa kutengeneza matairi), mara moja mutu alileta ndoo ya herufi za imprimeri ya kizamani. Zikishayeyuka zote zinafanana, jicho haliwezi kuzitofautisha.

Sasa mtoto wa dada yangu anasoma arshitekti, ana boksi ya krayo za kuchora, yaani penseli, toka 6B ya laini mpaka 4H ya ngumu. Nilishasikia unaweza kusukuma krayo juu ya plombo, ya laini kwanza, unapanda, ile ya kwanza itakayokata metali badala ya kuteleza njo inakuambia ugumu. Nikajaribu. Bomba: 6B imeteleza, 5B imekata. Ingoti (kipande nilichomwaga kwenye kalibu) ya vizito vya magurudumu: 4B imeteleza, 3B imekata. Herufi za imprimeri: HB bure, F bure, H njo imechimba. Nikafurahi sana, nikasema leo nimepata macho.

Wiki mbili baadaye narudia ile ingoti ya magurudumu, ile ile, nilichora tarehe juu yake na msumari. 3B inateleza, 2B inateleza, B inateleza, HB njo inakata. Nani alibadilisha kitu hapa? Krayo zinadanganya ama plombo yenyewe inageuka ikiwa imelala kwenye rafu?

#2 Kijana_Himbi (Goma)
Mukubwa, shuleni walituambia ndani ya krayo kuna "min ya plombo". Sasa unapima plombo na plombo, ni sawa na kupima mwanga wa taa na taa 😂

#3 MwalimuBagira
Kijana, hilo jina ni kosa la zamani sana. Ndani ya krayo hakuna risasi hata chembe, ni grafiti, yaani kaboni, imechanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa. Zamani Waingereza walipopata grafiti nyingi Borrowdale, karne ya 16, walidhani ni aina ya risasi kwa sababu inaacha alama ya kijivu, na jina likabaki mpaka leo kwa Kifaransa na hata Kijerumani. Kuchanganya na udongo ni kazi ya Mfaransa Nicolas-Jacques Conté, 1795. Udongo ukizidi krayo inakuwa ngumu na alama hafifu, hizo ndizo H. Grafiti ikizidi inakuwa laini na nyeusi, hizo ndizo B. Katikati kuna HB na F. Kwa hiyo swali la Fundi ni zuri: ana ngazi ya vitu vigumu kwa kupanda, na metali yake inaangukia mahali fulani kwenye ngazi.

#4 Dada_Mchoraji (Bukavu)
Yaya Fundi, kabla hujalaumu plombo niambie ulichonga krayo namna gani. Kama ulitumia taye-krayo (kichongeo) ikatoka ncha kali ya sindano, majibu yote tupa. Unatoa mbao peke yake na kisu mpaka grafiti itoke milimita tano hivi ikiwa bado mviringo mzima, halafu unaisimamisha wima kabisa juu ya msasa laini unasugua mpaka uso wake uwe bapa kama sarafu, ukingo mkali pande zote. Ule ukingo njo unakata. Unashika krayo digri 45, unasukuma kwenda MBELE, huvuti kama mutu anayeandika. Na kila mara ukishasukuma unarudi kwenye msasa, ukingo unakufa mara moja.

Jambo la pili, 2B ya kampuni moja inaweza kuwa sawa na B ya kampuni nyingine. Hakuna sheria moja ya dunia inayolazimisha makampuni yafanane. Mimi sichanganyi boksi mbili kwenye mchoro mmoja, sembuse kwenye kupima. Ilikuwa boksi ile ile?

#5 Sudere_Birere (Goma)
Hii kitu iko kweli, niliiona na macho yangu. Kuna mwaka tulipaka rangi matangi makubwa, kontrola akaja na kagari kadogo ka chuma kana magurudumu, ndani kamebana krayo, anakasukuma juu ya rangi iliyokauka, anabadilisha krayo anarudia. Alituambia kale kagari kanaweka uzito gramu 750 na kanashika krayo digri 45, ili mkono wa mutu usiingilie. Pale njo tatizo lako Fundi. Siku ya kwanza ulikuwa na furaha ukasukuma na nguvu, siku ya pili una wasiwasi ukasukuma polepole. Mkono ni muongo kuliko krayo.

#6 PapaMulino (Lubumbashi)
Bana, muache mkono. Ile plombo imekomaa. Miye mu kazi yangu minamwanga kusine (beringi) za mulino za kusaga mahindi, zile mashini za zamani zenye kuzungukia mu regule (plombo yenye kuchanganywa na antimoni, metali ingine yenye kuikaza), na bazee benye balitufundisha balikuwa banasema usikwangue kusine leo yenye umemwanga leo, wacha ilale. Plombo yenye antimoni inaendelea kuwa nguvu siku na siku, wiki na wiki. Plombo safi haina ile tabia. Njo maana bomba yako itabakia pale pale na magurudumu itapanda.

Kitu kinanichekesha, weye unatafuta laini, miye minatafuta nguvu. Ile herufi za imprimeri zenye unaogopa, unitumie zote.

#7 MwalimuBagira
Papa Mulino amesema ukweli wa kemia bila kutumia maneno ya kemia. Antimoni inaingia ndani ya risasi moto vizuri, kwenye digri 252 risasi ngumu inaweza kubeba karibu 3.5 kwa mia ya antimoni ndani yake. Ikipoa mpaka joto la kawaida haiwezi kubeba hata nusu ya moja kwa mia. Ile iliyozidi inatoka polepole, chembe ndogo ndogo zinajipanga ndani na kuzuia metali isiteleze. Inachukua siku au wiki. Vizito vya magurudumu vya klipu vina antimoni, ndiyo sababu ni vigumu kuliko bomba.

#8 Kijana_Himbi
Kumbe kama simiti! Leo laini, kesho jiwe. Nafuta post yangu ya 2, samahani krayo.

#9 Mvuvi_Nguba (Bukavu)
Mimi niko kati ya wale waliorudisha mfuko kwa Fundi, na nilirudisha juu ya haki. Nilinunua mwezi jana, siku ile nilijaribu vitatu pale pale kibandani vikabana vizuri. Nikavipeleka nyumbani, wavu mpya haukuwa tayari, vikakaa. Nimekuja kufunga wavu, vinapasuka kimoja kwa vitatu. Nilifikiri alinibadilishia mfuko. Sasa nasoma maneno ya Papa Mulino naona labda nilimuonea mutu bure.

Vile laini vya zamani tulikuwa tunabana hata na meno, haraka haraka ukiwa ndani ya pirogi na mikono imelowa.

#10 MamaSambaza (Goma, Kituku)
NA MENO?? Wewe baba una watoto? Hiyo ni sumu. Tena unatoka pale unakula bugali.

#11 Mvuvi_Nguba
Mama nimeacha, nimesema zamani.

#12 MamaSambaza
Babu yangu alifunga wavu na mawe ya kando ya ziwa, anatoboa, anafunga na kamba, hakuna aliyekufa na jiwe mdomoni. Hata leo nyavu zangu kubwa za sambaza, wale samaki wadogo, zile za pirogi tatu zilizofungwa pamoja na taa usiku, pembeni naweka mawe tu. Plombo nanunua ya nyavu za tilapia peke yake.

#13 MtuWaKigoma
Nawasoma kutoka upande wa Tanganyika. Hivyo vizito sisi tunaviita chubwi, andikeni Kiswahili jamani. Na hao sambaza mnaojivunia walitoka kwetu, walipandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo mnatudai asante kila jioni mkikaanga.

#14 Kijana_Himbi
Si ni dagaa wenu wale?

#15 MtuWaKigoma
Hapana, dagaa ni mwingine, mdogo zaidi. Sambaza wenu kwetu anaitwa lumbu. Wanafanana wakikauka lakini mvuvi hawezi kukosea.

#16 MwanaKatuba (Lubumbashi)
Turudi mu plombo. Krayo ni mchezo wa batoto. Duniani kunapimwa na Brinell, yule Mjerumani, unabonyeza gololi na kilo 3000 unapima shimo. Kama hauna ile mashini, haujui kitu.

#17 MwalimuBagira
Masahihisho mawili. Johan August Brinell alikuwa Mswidi, njia yake aliionyesha mwaka 1900. Na kilo 3000 na gololi ya milimita 10 ni za chuma cha pua. Ukiweka kilo 3000 juu ya risasi gololi itazama yote, utapata bakuli. Kwa risasi uzito unaotumika ni mdogo sana. Namba zenyewe: risasi safi iko karibu 5, vizito vya magurudumu vya klipu kati ya 9 na 12 hivi, metali ya Linotype, ile ya herufi za imprimeri (risasi 84, antimoni 12, bati 4) iko karibu 20 na kitu. Angalieni ngazi ya Fundi siku ya kwanza: 5B, 3B, H. Mpangilio ni ule ule. Mchezo wa watoto umepanga metali tatu sawa na mashini.

#18 Kijana_Himbi
Mwalimu bati ni ile ya kuezeka nyumba?

#19 MwalimuBagira
Ya nyumba ni chuma kilichopakwa zinki, tunaita bati kwa mazoea. Bati ninayosema ni etani, inayotoka kwenye jiwe la kasiterite.

#20 MwanaKatuba
Ile yenye inatoka Walikale na Kalehe inaenda mbali, halafu Fundi ananunua waya ya kusudea mu duka na bei ya dhahabu. Inaniuma sana.

Lakini nina wazo lingine, zinki. Miye ninakaa karibu na Kipushi, zinki imechimbwa pale toka miaka ya 1920 mpaka mgodi ukasimama 1993, ni juzi tu umeanza tena 2024, bazee ba kule banaijua. Vizito vya magurudumu vya sasa si vyote plombo, Ulaya walikataza za plombo toka 2005, sasa magari ya okazyo (yenye yalishatumika) inatuletea za zinki na za chuma. Plombo inayeyuka digri 327, zinki inangojea mpaka 419. Ukiacha moto upande sana, zinki inaingia mu chungu, metali inakuwa kama uji wa mahindi, haijazi kalibu. Fundi angalia alama, zinki banaandika Zn, chuma Fe. Za plombo ukikata na koleo inakatika kama sabuni, zinki inakataa. Njo ugumu wako unatokea pale.

#21 Kijana_Himbi
Yaya, zinki kama ilikuwa ndani ingekuwa ndani toka siku ya kwanza. Yeye anauliza kwa nini imebadilika katikati ya wiki mbili. Zinki haikuingia kupitia dirisha.

#22 MwanaKatuba
Hilo neno umesema vizuri. Lakini mfuko wa Mvuvi unaweza kuwa na zinki hata hivyo. Ule na ingoti ni vitu viwili.

#23 Sudere_Birere
Kuna njia ya kumaliza ubishi bila krayo na bila mashini ya Brinell. Chukua gololi moja kutoka kwenye rulima (beringi) ya zamani. Tafuta kipande cha bomba, plombo safi, na kipande cha ingoti yako, vyote uvipige tupa viwe bapa. Weka gololi katikati, bana vyote pamoja kwenye eto (jiliwa), kaza. Gololi moja, nguvu ile ile pande zote mbili, hapo mkono hauwezi kudanganya. Ukifungua kila kipande kina shimo lake. Pima upana wa mashimo na kalipa. Kwa mfano shimo la bomba ni milimita 4 na la ingoti ni 3, unafanya 4 mara 4 ni 16, 3 mara 3 ni 9, 16 gawa kwa 9 ni karibu 1.8. Yaani ingoti ni ngumu mara 1.8 kuliko bomba. Bomba ni 5, basi ingoti ni kama 9. Hii nimeifanya mara nyingi na inakubali.

#24 MwalimuBagira
Nzuri sana. Ilimradi kipande cha kulinganisha kiwe safi kweli, na mashimo yasiwe na kina kikubwa mpaka karibu nusu ya gololi.

#25 FundiKadutu
Nimerudi, umeme ulikatika siku mbili. Asanteni. Najibu yote.

Dada, nilichonga na kisu lakini sikusugua kwenye msasa kila mara, labda mara moja kwa krayo. Na boksi... hapana, si ile ile. Mtoto alichukua boksi yake ana mtihani, hii ya pili nilinunua Nyawera, jina lingine kabisa. Sikufikiri kama ni kitu.

Papa Mulino, kuna neno lingine nimekumbuka usiku nikashindwa kulala. Siku ile ya ingoti za magurudumu wateja walikuwa wananingoja, zingine niliziacha zipoe zenyewe kwenye kalibu, zingine nilizitupa ndani ya ndoo ya maji zikiwa bado moto ili nizishike haraka. Sikuandika ipi ni ipi.

#26 PapaMulino
Maji! Ungeanza na neno hilo. Ukitupa mu maji, antimoni inafungwa ndani haijapata wakati wa kutoka, kiisha siku zinazofuata njo inatoka kwa wingi na metali inakuwa nguvu kupita ile yenye ilipoa polepole. Siku ile ile haioni tofauti kubwa. Ukirudi kisha siku kadhaa unakuta kitu kingine. Magurudumu yana arseniki kidogo pia, inasaidia sana hiyo kazi. Basi ni maji, nimemaliza.

#27 Dada_Mchoraji
Papa hujamaliza, boksi imebadilika! Krayo za boksi mpya kama ni laini kuliko zile za kwanza, kila kitu kitaonekana kigumu zaidi, hata kama metali haijasogea. Yaya pima bomba tena na boksi mpya. Bomba halina antimoni, haliwezi kukomaa. Likionekana nalo limepanda, basi krayo njo zimesema uongo.

#28 Sudere_Birere
Na pia alipima upande gani? Chini ya ingoti imegusana na kalibu baridi ikapoa haraka, juu imepoa polepole na ina ile ngozi ya uchafu. Piga tupa kwanza ufikie metali inayong'aa.

Fundi, kuhusu ndoo ya maji. Iko wapi hiyo ndoo? Mimi nina alama shingoni mpaka leo, tone moja la maji lilianguka ndani ya chungu cha plombo, tone tu, likageuka mvuke chini ya metali na chungu kikaruka chote. Ndoo isikae karibu na mbabula (jiko la makaa). Kalibu iwe kavu na ya moto kidogo, kijiko kikavu, na usiyeyushie chini ya paa linalovuja.

#29 Nesi_Ruashi (Lubumbashi)
Nimesoma toka juu mpaka chini. Tafadhali nisikilizeni kidogo. Batu ba huku tunajua Kabwe, ng'ambo ya mpaka Zambia, mgodi wa plombo na zinki uliofungwa 1994, na mpaka leo vumbi la pale linaendelea kuingia mu damu ya batoto. Tumbo la mtoto linafyonza plombo mara nne au tano kuliko la mukubwa akimeza kiasi kile kile, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwake. Fundi unayeyushia wapi, uwanja ule batoto banachezea? Nguo za kazi unaingia nazo ndani? Chungu na mbabula vya plombo visipike chakula hata siku moja.

#30 MtuWaKigoma
Si ule moshi wa risasi ndio unaua? Ukisimama upande wa upepo mbona salama.

#31 MwalimuBagira
Risasi inachemka kwenye digri 1749, chungu chake hakifiki nusu ya hapo, kwa hiyo mvuke wenyewe ni mdogo. Kibaya zaidi ni vumbi: ule unga wa njano na kijivu unaokaa juu ya chungu ukiuchota na kuumwaga, unapeperuka, unakaa kwenye vidole, kwenye sigara, kwenye mkate. Kusimama upande wa upepo kunasaidia lakini kunawa mikono na sabuni kunasaidia zaidi.

Na Fundi hukutaja betri. Kama huzitumii, usianze. Sahani za betri zina asidi na risasi iliyokwisha kuwa unga, na betri za siku hizi zina kalsiamu. Takataka za kalsiamu zikikutana na antimoni au arseniki halafu maji, zinatoa gesi ya stibini na ya arsini. Hizo zinaua mtu kweli.

#32 FundiKadutu
Betri niliacha mwaka wa kwanza, nilikuwa nakohoa. Nesi, nayeyushia nyuma ya nyumba na watoto wanapita, ni kweli. Kuanzia wiki hii nimeongea na mwenye kiwanja cha chini karibu na mfereji, nahamia kule. Nguo nitaacha kule kule.

#33 Kijana_Himbi
Mi nauliza kitu, kama imekuwa ngumu si aipige tu nyundo? Ama nyundo itaikaza zaidi kama shaba?

#34 PapaMulino
Shaba ndiyo, plombo hapana. Shaba ukiigonga inakazana, tunajua sisi batu ba shaba. Plombo yenye antimoni ukiigonga sana inalainika, sababu hata mu joto hili la kawaida inajipanga upya ndani, haihitaji moto. Lakini atagonga vizito elfu moja kimoja kimoja? Achanganye na bomba tu, magurudumu sehemu moja, bomba sehemu tatu, na asitie mu maji.

#35 MwanaKatuba
Naye aje Lubumbashi kula bukari kwanza, ndo tumpe siri zote.

#36 Mvuvi_Nguba
Bugali. Kwetu inaitwa bugali na inaliwa na sambaza. Au lumbu, mutu wa Kigoma asikasirike.

#37 FundiKadutu
Matokeo. Nilifanya vile Dada alisema, msasa kila mara, tupa kwanza, digri 45. Na mtoto alinikopesha boksi yake ya zamani Jumapili baada ya misa, kwa hiyo nina boksi zote mbili mezani.

Bomba, boksi ya zamani: 5B inakata, kama siku ya kwanza. Bomba, boksi mpya: 5B inateleza, 4B njo inakata.
Ingoti yenye tarehe, boksi mpya: HB, kama nilivyosema. Boksi ya zamani: 2B inateleza, B inakata.
Ingoti nyingine ya siku ile ile, boksi ya zamani: 3B inakata. Hiyo haikupanda hata kidogo!

Hii ya pili chini yake kuna mikwaruzo ya kalibu, nafikiri njo ile niliyoiacha ipoe yenyewe. Nafikiri.

#38 Dada_Mchoraji
Nilisema! Boksi mpya inadanganya ngazi moja nzima, kwenye bomba na kwenye ingoti pia.

#39 PapaMulino
Na mbili zenye zinabakia ni za maji. 3B mpaka B ni ngazi mbili, boksi ni ile ile ya zamani, haiwezi kulaumiwa. Na ile ya pili yenye ilipoa polepole imebakia chini.

#40 Sudere_Birere
Polepole. Siku ya kwanza hakusugua msasa kila mara. Ukingo uliokufa unateleza, kwa hiyo siku ile ingoti ilipaswa kuonekana ngumu zaidi, si laini zaidi. Yaani 3B ya siku ya kwanza yenyewe siiamini. Labda ilikuwa 4B. Na labda alisukuma na nguvu ikarudisha. Hakuna anayejua.

#41 PapaMulino
Sasa unanisaidia! Kama ilikuwa 4B basi imepanda ngazi tatu.

#42 MwanaKatuba
Na miye ninauliza kama ingoti mbili zilitoka mu chungu kimoja. Fundi ulisema "siku ile ile", haukusema chungu kile kile. Kama chungu cha kwanza kilikuwa na vile vizito vya kubandika na gundi, vile ni karibu plombo safi, na chungu cha pili vya klipu, basi unalinganisha mbuzi na kondoo.

#43 FundiKadutu
Vilikuwa vyungu viwili. Kile cha pili niliongeza vizito bila kuchagua.

#44 Kijana_Himbi
Aaaaa mukubwa 😭

#45 Sudere_Birere
Kata vipande vitatu, bomba, ingoti ya tarehe na ile ya pili, kila kimoja ukubwa wa sanduku la kiberiti. Nitumie Goma nibane na gololi, nitaweka picha za mashimo hapa na kalipa juu yake. Halafu yeyusha upya chungu KIMOJA, nusu maji nusu hewa, andika, tungoje wiki tatu.

#46 MamaSambaza
Mutu wangu anakuja na boti la usiku, mpe yeye. Lakini sitaki plombo ikae pamoja na vyakula vyangu.

#47 FundiKadutu
Sawa Mama. Viko ndani ya kopo tupu la rangi, mfuniko nimeufunga na waya. Nimegonga alama na patasi: bomba mstari mmoja, yenye tarehe miwili, ya pili mitatu. Chungu kipya nimewasha asubuhi ya leo, ingoti sita, tatu ndoo tatu hewa, zote nimeziandika.